Fika

Katika mji wa Örebro, ghorofa ya tatu,
kwenye ofisi inayopima maji ya mito na mabomba,
saa tatu na nusu asubuhi viti husogea vyote pamoja
na mtu husema, bila kupaza sauti: fika.

Si amri. Ndilo neno lao la kahawa ya katikati ya kazi,
la kuketi robo saa na andazi la mdalasini.
Lakini sikio langu mimi ni la Kiswahili,
na kila nikilisikia namwona mtu mlangoni,
bado ana koti, bado ana theluji viatuni,
anaambiwa afike, naye hafiki.

Ni Fabrizia Furlan, mkemia, mtu wa Trieste.
Siku ya kwanza alidhani amesikia vibaya:
kwa Kiitaliano neno lile halisemwi mbele ya mama mkwe.
Na kwao kahawa hunywewa wima.
Unaegemea kaunta, unasema "nero",
matone meusi, sarafu, ahsante, nje.
Ukizidisha dakika mbili watakudhania una deni.
Kirefu huko ni chakula cha mchana:
supu, tambi, ugomvi wa mpira,
chungwa linalomenywa kama vile halina mwisho.

Örebro mambo yamegeuzwa kama soksi.
Chakula saa tano na nusu, viazi vya jana kisandukuni,
foleni ya maikrowevu, kila mtu na uma wake.
Kahawa ndiyo inayokaliwa kitako.

Wiki tatu aliinywa mezani pake, akitafuta risasi ndani ya maji,
akidhani bidii yake inasifiwa.
Jumatatu ya nne Torbjörn, mkuu wa kitengo, akaja,
akalitazama dirisha badala yake (ndivyo agombavyo),
akasema: "Watu wanauliza tumekukosea nini."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Fabrizia alipewa sifongo
na jina lake likapachikwa ukutani: vikombe, juma zima;
Ijumaa, keki.
Akaketi. Kahawa yenyewe, tuseme kweli,
ilikuwa maji ya moto yaliyosimuliwa habari za kahawa.
Wakazungumza matairi ya theluji.
Wakanyamaza.
Kimya nacho kilikuwa na sarufi, ila hakuna aliyemfundisha.

Hadi Alhamisi moja ya Februari,
Gunvor wa hesabu, miaka thelathini na moja
kwenye kiti kile kile kando ya dirisha,
akalivunja andazi lake vipande viwili, akasema
kama anayetaja bei ya petroli:
"Lennart jana aliniuliza mimi ni nani."

Hakuna aliyeshtuka. Hakuna mkono begani.
Mmoja akamjazia kikombe.
Mwingine akasogeza sahani, kidogo tu, upande wake.
Robo saa ikapita, ikawa nusu,
na Torbjörn, mtu wa saa, mtu wa dakika,
akaivua ya mkononi akaitia mfukoni.

Fabrizia akaosha vikombe siku ile, haikuwa zamu yake.
Aliwaza: hayo huwezi kuyasema umesimama.

Agosti, likizo, kaunta ile ile ya kwao.
Nero ikaja, inanukia mpaka machozi.
Akageuka huku na huku.
"Umepoteza kitu, bibi?"
"Kiti."
Muuzaji akamletea kigoda cha jikoni, mguu mmoja umelegea,
kile cha kupandia kufikia chupa za juu,
akauliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba.
Neno lilimjia, moja tu, la Örebro.
Akauuma ulimi. Lingemfukuzisha.
Akaketi hivyo hivyo, magoti yakigusa kaunta,
watu wakimpitia juu kwa viwiko vyao,
kahawa ikipoa
robo saa nzima.